Krismasi bila nguo mpya

Desemba ikishafika katikati, Kariakoo haipitiki. Ukitaka kujua Krismasi ina maana gani kwa mkazi wa Dar es Salaam, nenda Mtaa wa Kongo siku tatu kabla ya sikukuu uangalie watu wanabeba nini. Ni vigauni vyenye malinda, visuti vya watoto wa miaka minne pamoja na tai zake, viatu vinavyowaka taa mtoto akikanyaga. Muuzaji anaweza kuwa Mwislamu wa swala tano, lakini atakuambia bila wasiwasi: "Mtoto wa miaka mingapi, kaka? Krismasi yake hii hapa."

Sina ugomvi na nguo mpya. Wengi wetu tumekulia hivyo, nguo ya maana ilikuwa mara moja kwa mwaka, na wenzetu wakati wa Idd ni vivyo hivyo. Ila kuna jambo nimekuwa nikiliona mitaani kwetu na leo nimeona niliandike. Kuna watu hawaendi kanisani siku ya Krismasi kwa sababu hawana nguo.

Sisemi hawana nguo kabisa. Kuna mama mmoja jirani, muuza vitumbua, ambaye Jumapili za kawaida hakosi ibada. Nilimuuliza sikukuu wataenda ibada ya saa ngapi. "Mwaka huu hatuendi, mwanangu. Watoto hawana nguo." Nikamwambia, mama, si wana zile za Jumapili? Akacheka kidogo. "Zile si ndizo walizovaa Krismasi iliyopita? Wenzao watawaona." Akaendelea kugeuza vitumbua vyake.

Yaani mtu anakwenda kanisani mwaka mzima, mvua na jua, halafu siku ya kuzaliwa Mwokozi wake anabaki nyumbani kwa aibu. Ndugu msomaji, hapo sidhani kama tunaongelea umaskini wa mama huyu peke yake.

Hebu turudi kwenye habari yenyewe, maana wengi wetu tunaijua kwa maigizo ya watoto kuliko kwa kuisoma. Luka, sura ya 2. Kaisari Augusto anataka watu waandikishwe, Yusufu anatoka Nazareti kwenda Bethlehemu na mchumba wake mjamzito, nafasi hakuna, mtoto analazwa kwenye hori la kulishia mifugo. Nguo pekee inayotajwa usiku ule ni vitambaa alivyofungwa mtoto. Na vitambaa hivyo vina kazi: malaika anawaambia wachungaji kwamba hiyo ndiyo ishara yao, watakuta kichanga kimefungwa vitambaa na kimelazwa horini. Wale wachungaji walikuwa zamu ya usiku (sisi wa vyumba vya habari tunaijua hiyo), wametoka moja kwa moja kazini. Ishara ingekuwa jumba lenye geti na mlinzi, wangeishia getini. Lakini hori wanalijua. Wakaingia na nguo zao zinazonuka kondoo, na Luka hasemi kama kuna mtu aliwatazama miguuni.

Kuna kipande kingine ambacho hakisomwi sana siku hiyo kwa kuwa kiko mbele kidogo, mstari wa 24. Mariamu na Yusufu wanampeleka mtoto hekaluni Yerusalemu na kutoa sadaka iliyotakiwa baada ya uzazi. Sheria, ukienda Mambo ya Walawi sura ya 12, inamtaka mama alete mwanakondoo wa mwaka mmoja pamoja na kinda la njiwa au hua. Asiyemudu mwanakondoo anaruhusiwa kuleta ndege wawili. Luka anataja ndege wawili. Mwanakondoo hamtaji. Haandiki popote kwamba familia hii ilikuwa maskini, anaiacha sadaka iseme yenyewe. Nikifikiria bahasha zetu za Krismasi, zenye nafasi ya jina na nafasi ya kiasi, na yale makanisa ambayo kiasi hicho husomwa kwa kipaza sauti, najiuliza Yusufu na Mariamu wangekaa benchi la ngapi.

Kwa mtu anayeamini, uzito wa Krismasi uko hapo. Kwamba Mungu hakutuma ujumbe akabaki juu, alikuja mwenyewe na mwili unaosikia baridi na njaa, na alianzia mahali ambapo hakuna mtu angeona aibu kuingia. Unaweza usiamini. Nina marafiki wasioamini, na pilau tunakula pamoja. Lakini ukishaamini, huwezi tena kusema suala la nani anaogopa kupita mlangoni ni la kijamii tu, halihusu imani.

Najua kuna watakaoleta ile hoja ya tarehe, ambayo kila Desemba hurudi kama mafua. Ni kweli Biblia haitaji tarehe 25. Tarehe hiyo imo katika kumbukumbu moja ya Roma ya mwaka 354, na Waethiopia wa Orthodox wao husherehekea Januari 7. Sawa. Mama wa vitumbua hakosi ibada kwa sababu ya kalenda.

Mwaka 1223, Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye majani makavu, ng'ombe na punda katika kijiji cha Greccio, Italia, ili watu waone kwa macho yao shida aliyozaliwa nayo mtoto yule. Kutoka hapo utamaduni wa pango ukaenea. Sasa angalia mapango yetu: taa za kupepesa, pamba ya kuigiza theluji katika joto hili la Dar, na Mariamu wa plasta ndani ya joho safi la bluu. Hata pangoni tumemnunulia nguo mpya.

Wachungaji na mapadri wangetusaidia sana Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu. Kati ya matangazo ya ndoa na michango, waongeze sentensi moja tu, kwamba kila mtu aje na nguo aliyonayo. Na viongozi wa kwaya, jamani, zile sare mpya za kila Krismasi! Kuna kwaya ambazo asiyemaliza kulipia sare haimbi siku hiyo, hata kama amefanya mazoezi tangu Oktoba.

Lakini aibu ile hawakuileta wachungaji peke yao. Tumeileta sisi wenye mishahara, tunaoingia siku hiyo kama tunakwenda kwenye harusi, na kupiga picha pale nje mpaka ibada inayofuata inaanza. Kwa hiyo tarehe 25 nitavaa shati lile lile la mikono mifupi la Jumapili iliyopita. Ukiniona ibada ya pili, usinishangae.