Siri ya Mtungi



Wiki iliyopita niliitwa katika kikao cha jamaa, nami nayasimulia haya kwa idhini ya wenyewe. Binti alikuwa amerudi kwao na mwanawe mchanga. Mikeka ilikuwa imetandikwa, kahawa imekwisha kutiwa. Hakuwahi kumaliza maneno yake ya kwanza, mama yake mkubwa akamkatiza: "Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu." Binti akainamisha kichwa, akanyamaza. Nasi tuliokuwapo tukaitikia kwa vichwa, kama ilivyo ada yetu methali inapotajwa, kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa.

Wasomaji waliokulia maji ya mfereji pengine hawajaiona kata. Ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu, chombo cha kutekea maji mtungini. Mtungi kwa nje wapendeza, umekaa kitako kivulini, maji yake baridi. Kama ndani mna mashapo, mpita njia hatajua. Kata iingiayo hadi chini ndiyo ijuayo. Methali haisemi zaidi ya hapo. Yatueleza ni nani ajuaye; haisemi kwamba ajuaye na asiseme. Amri ya kunyamaza tumeitia sisi wenyewe.

Na si hiyo peke yake. "Mvumilivu hula mbivu" yamfaa mkulima na mwanafunzi. Sisi humwambia mke asiyepewa masurufu. Mume wake, aliye na haja ya kukumbushwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, haambiwi kitu. W. E. Taylor alichapisha misemo ya Waswahili huko London mwaka 1891, na wengi wamekusanya baada yake. Lakini kitabu huhifadhi maneno tu. Hakituonyeshi nani alimwambia nani, wala kwa sauti gani, na humo ndimo methali ifanyamo kazi yake. Asemaye kwa methali hasemi kwa kinywa chake, husema kwa kinywa cha wahenga. Kumjibu mama mkubwa ni utovu wa adabu. Kuwajibu wahenga, je?

Ndiyo maana wako wanaojibu kwa nguo. Mwanamke asiye na nafasi ya kusema huenda dukani, akasoma jina la leso kabla ya kutazama rangi yake, akaivaa siku ya kumzuru mkwewe. Akiulizwa, atasema leso ni leso tu. Siwasifu wenye kurushiana vijembe vya leso, maana majirani wengi wamehasimiana kwa ajili hiyo. Lakini naelewa kwa nini huinunua.

Najua nitaambiwa kuhusu sitara. Ni kweli, mambo ya chumbani si ya barazani, na dini yetu imelisisitiza hilo. Lakini dhulma si siri ya chumbani. Aya ya 35 ya Sura An-Nisaa yaagiza kwamba ikihofiwa mfarakano baina ya mke na mume, atolewe mwamuzi kwa jamaa za mume na mwamuzi kwa jamaa za mke. Waamuzi hao watasuluhisha nini iwapo mmoja wa wenye shauri amefumbwa mdomo?

Turudi kikaoni. Bibi yake binti alikuwa pembeni akivuta tasbihi, nasi tulidhani hasikii. Bila ya kuinua macho akasema: "Kama kata ndiyo ijuayo, basi iulizeni kata."

Hakuna aliyecheka. Methali ilikuwa imejibiwa kwa methali ile ile, na adabu haikuvunjwa. Binti akasema, polepole mwanzoni. Miezi minne hakuletewa hata kibaba cha mchele. Mkufu aliopewa katika mahari yake, ambao ni mali yake peke yake kisharia, ulikuwa umeuzwa, naye akaja kujua baadaye kutoka kwa watu.

Mama mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Alimpokea mtoto, akampakata, kisha akauliza ni nani aliye na nambari ya simu ya ami yake mume. Jamaa wa pande mbili watakutana Jumamosi, baada ya sala ya alasiri.