Wakongwe wanafunga, vijana wako wapi?

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MJADALA kuhusu umri wa washambuliaji hauishi katika vijiwe vya soka vya Themi na kata nyingine za Jiji la Arusha. Upande mmoja unashikilia kuwa mchezaji akishavuka miaka 30 hana budi kumpisha kijana. Upande wa pili unajibu kwa methali kwamba ng'ombe hazeeki maini, na kuwataka wapinzani wao wahesabu mabao badala ya miaka.

Kwa wakazi wa jiji hili mjadala huo una uzito wa pekee. Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika (Caf) lilizipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (Afcon) za mwaka 2027. Arusha ni miongoni mwa miji iliyopangiwa kupokea mechi, katika uwanja mpya wa watazamaji 30,000 uliopo kata ya Olmoti. Swali la nani aongoze safu ya mbele ya Taifa Stars wakati huo si la Dar es Salaam peke yake.

Kumbukumbu za Ligi Kuu Tanzania Bara zinawapa nguvu wanaowatetea wakongwe. Meddie Kagere alitua Simba mwaka 2018 akitokea Gor Mahia ya Kenya, na tangu siku za mwanzo umri wake ukawa gumzo na mzaha. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23, na msimu wa 2019/20 akaongeza mengine 22. Alikuwa mfungaji bora mara mbili mfululizo akiwa na miaka 32 na 33, na mara zote mbili Simba ilitwaa ubingwa.

Msimu wa 2020/21 zamu ilikuwa ya nahodha wa Simba, John Bocco, aliyeibuka mfungaji bora kwa mabao 16 akiwa na miaka 31. Msimu wa 2022/23, Saido Ntibazonkiza wa Burundi, ambaye Yanga iliachana naye mwaka 2022, alimaliza na mabao 17 akiwa na miaka 36 na kulingana na Fiston Mayele wa Yanga. Kwa hesabu hiyo, katika misimu mitano kati ya 2018/19 na 2022/23, ni msimu mmoja tu, ule wa 2021/22 alipong'ara George Mpole wa Geita Gold, ambao orodha ya wafungaji haikuwa na mkongwe kileleni.

Mfano wa wazi zaidi ni wa Desemba 2022, Simba ilipoifunga Tanzania Prisons mabao 7-1. Bocco na Saido walifunga matatu kila mmoja. Siku hiyo mmoja alikuwa na miaka 33 na mwenzake 35.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili haiwezi kupuuzwa, na ushahidi wake umo katika msimu uleule wa 2022/23. Mayele na Saido walifunga mabao sawa, lakini thamani yao haikuwa sawa. Mayele, aliyekuwa bado hajafikisha miaka 30, aliondoka Yanga na taji la ubingwa, akauzwa kwa Pyramids ya Misri mwaka 2023. Miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa waliofunga katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ambayo Pyramids ilishinda. Saido aliendelea na Simba hadi mwaka 2024, kisha klabu ikatangaza kuachana naye.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo wabishi wengi huipita. Klabu inapomsajili mshambuliaji kijana inanunua mabao ya leo pamoja na uwezekano wa kumuuza kesho. Inapomsajili mkongwe inanunua mabao ya leo pekee. Hilo si kosa, ili mradi bei na muda wa mkataba viendane na ukweli huo. Mkataba wa mwaka mmoja kwa mchezaji wa miaka 34 unaweza kuwa biashara nzuri, na ule wa miaka mitatu kwa mchezaji huyohuyo ukawa mzigo kwa klabu.

Aidha, kuna suala la kazi anayopewa mchezaji. Umri hauondoi kila kitu kwa wakati mmoja. Kinachotangulia kupungua ni kasi, na uwezo wa mwili kurudia hali yake siku tatu baada ya mechi na safari ndefu. Kinachobaki kwa muda mrefu ni kujua mpira utaangukia wapi, kumsoma beki na kutulia mbele ya kipa. Kocha anayemtaka mshambuliaji wa miaka 34 akimbize mabeki kwa dakika zote 90 anamdai kile alichokwisha kupoteza. Yule anayempa dakika 30 za mwisho, mabeki wakiwa wamechoka, anatumia kile alichobaki nacho.

Afrika ililiona hilo katika Kombe la Dunia la mwaka 1990 nchini Italia. Roger Milla wa Cameroon, akiwa na miaka 38, alifunga mabao manne, mawili dhidi ya Romania na mawili dhidi ya Colombia. Yote aliyafunga akitokea benchi, na Cameroon ikafika robo fainali.

Kwa upande wa Taifa Stars, hali inafanana na ile ya klabu. Simon Msuva, aliyezaliwa mwaka 1993, alifunga dhidi ya Kenya katika Afcon ya 2019, akafunga dhidi ya Zambia katika Afcon ya 2023, na akafunga tena kwa penalti dhidi ya Uganda katika Afcon ya 2025 nchini Morocco, ambako Tanzania ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Mbwana Samatta, aliyeandika historia mwaka 2020 kwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England akiwa na Aston Villa, alizaliwa Desemba 1992. Katikati ya mwaka 2027 Samatta atakuwa na miaka 34 na Msuva 33.

Swali la msingi, kwa hiyo, si kama wazee hao wanafaa. Kumbukumbu zinaonesha kuwa wakitumiwa kwa kipimo wanafaa. Swali ni kwa nini baada ya miaka yote hiyo majina yanayobishaniwa ni yaleyale. Mkongwe huonekana ghali au mzigo pale ambapo nyuma yake hakuna mtu, kwa kuwa kocha hulazimika kumtumia hata siku ambayo miguu imegoma.

Arusha yenyewe ni sehemu ya tatizo hilo. JKT Oljoro ilishuka daraja mwaka 2014, na kwa zaidi ya misimu kumi iliyofuata jiji hili halikuwa na timu yake katika Ligi Kuu. Kijana wa Themi au Kaloleni mwenye kipaji cha kufunga hana mahali pa kukabiliana na mabeki wa daraja la juu kila wiki akiwa nyumbani. Lazima aondoke mapema au abaki katika madaraja ya chini, ambako ni wachache wanaomfuatilia. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid umebaki kupokea wageni kuliko kulea wenyeji, na uwanja mpya nao unaweza kufuata njia hiyo iwapo mashindano yatamalizika bila mji kuwa na klabu ya kuutumia.

Kwa sababu hiyo, kumfukuza mkongwe hakutamzaa kijana. Simba iliachana na Bocco na Saido katika mwaka mmoja, 2024. Msimu uliofuata mfungaji bora wa ligi alitoka Simba, lakini alikuwa Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast, aliyefunga mabao 16. Nafasi ilipatikana, ila kijana wa Kitanzania hakuwa tayari kuichukua.

Njia yenye manufaa ni kuwaunganisha wawili hao mapema. Mkongwe apewe mkataba mfupi, dakika chache na jukumu linaloeleweka, na kijana apewe dakika zinazobaki hata kama ataanza kwa kukosa mabao ya wazi. Muda uliobaki kabla ya mwaka 2027 ni mfupi. Dakika ambazo kijana atazikosa sasa hazitapatikana siku timu ya Taifa itakapoingia uwanjani mbele ya mashabiki wa Arusha.