VUMBI LINASWE LINAPOZALIWA



Juma lililopita tulikwenda kumwona mwenzetu ambaye amekaa nyumbani tangu mwaka jana. Kazi yake ilikuwa kusafisha vyuma vilivyomiminwa katika kalibu za mchanga, katika karakana ambayo hatutaitaja jina. Umri wake haujafika miaka hamsini, lakini kutoka mlangoni mpaka msalani apumzika mara mbili. Daktari asema mapafu yake yana makovu ya vumbi la mawe, na makovu hayo hayaponi. Tulimwuliza alipewa nini cha kujikinga. Akacheka kidogo, akakohoa, akasema: "Kitambaa, na maziwa kila Ijumaa."

Maziwa ni chakula kizuri. Lakini maziwa yaenda tumboni na vumbi laenda kifuani, na njia zao si moja.

Kwa hiyo leo twataka kueleza maana ya kunasa vumbi, kwa sababu neno hili latumiwa ovyo. Watu wa sayansi wasemapo kunasa chembe, maana yao ni kuitenga chembe na hewa, moshi au maji yanayoichukua, kuishika isirudi, kisha kuiondoa. Feni ya ukutani hainasi kitu. Yachukua vumbi la fundi mmoja na kumpelekea jirani yake. Na hewa ya kompresa ambayo wengine wetu hupuliza kwenye breki za mabehewa ni mbaya zaidi, kwani yaamsha vumbi lililokuwa limelala.

Vumbi tulionalo likicheza katika mwanga wa dirisha silo adui mkubwa. Hilo pua na koo hulizuia kwa sehemu kubwa. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa maikroni 70 hivi, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe zisizofika maikroni 10 zaweza kupita koo, na zile za maikroni 4 kwenda chini zafika mwisho wa mapafu, mahali hewa inapoingia katika damu. Hizo jicho halizioni. Ndiyo sababu msimamizi aweza kusimama mlangoni akasema hapana vumbi, wala asiwe mwongo.

Wengi hudhani chujio ni kama chekeche la unga. Sivyo. Ni nyuzi nyingi zilizosongamana. Chembe nzito haiwezi kupinda pamoja na hewa inayozunguka uzi. Yaenda moja kwa moja na kuugonga, kama treni iliyoingia kona kwa mwendo mkali. Zilizo ndogo kabisa hutangatanga huku na huku mpaka zinaugusa uzi na kunata. Za katikati, karibu maikroni 0.3, ndizo ngumu kushikwa, kwa hiyo vichujio hupimwa kwa hizo. Barakoa ya N95 hushika angalau chembe 95 katika kila 100 za kipimo hicho, lakini lazima ibane uso. Kitambaa cha mwenzetu hakikubana kitu.

Wenye viwanda wakitaka kunasa, hunasa. Huko California, Marekani, mwalimu wa chuo kikuu Frederick Cottrell alitengeneza mtambo mwaka 1907: chembe hutiwa umeme, zikavutwa na bamba la chuma. Miaka michache baadaye mtambo huo ukawekwa katika kiwanda cha saruji cha Riverside, maana wenye mashamba ya machungwa walilalamika. Machungwa yalikuwa na watetezi. Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1930 na 1931, wafanyakazi walitoboa mlima huko Hawk's Nest, West Virginia, kupitisha maji ya mitambo ya umeme. Mwamba ulijaa silika. Kutoboa kwa maji, ambako hunasa vumbi pale pale kwenye ncha ya keekee, kulikuwa kumekwisha kujulikana. Wakatoboa pakavu ili kazi iende upesi. Wengi wao walikuwa watu weusi waliotoka kusini kutafuta kazi. Walikufa kwa mamia, na kamati ya Bunge la Marekani ikasikiliza habari zao mwaka 1936.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka vumbi la kudhuru livutwe karibu kabisa na mahali linapotoka, pale inapowezekana. Tena yataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Hatuombi zawadi. Twataka bomba la kuvuta kwenye kila jiwe la kusagia, maji mahali pa kukata mawe na pa kufagia, na mifuko ya vichujio isafishwe, kwa kuwa mfuko uliojaa hauvuti. Barakoa ije nyuma ya hayo, si badala yake.

Katibu wa kila tawi alete orodha ya mashine zisizo na bomba kabla ya tarehe 20 ya mwezi huu. Aandike pia ni akina nani wanaopewa maziwa.