Mwaka Mpya, Dawa Zile Zile

Gazeti hili likifika mikononi mwenu, katika nyumba nyingi daftari la matumizi litakuwa bado mezani. Ni desturi njema. Baba na mama huketi, pengine mtoto mkubwa akiwa mwandishi, wakaorodhesha ada, sare, viatu, mbegu, mbolea, mabati yaliyobaki, na mchango wa harusi ya mtoto wa shangazi. Madaftari ya namna hiyo nimeyaona mengi, maana wagonjwa huja nayo hospitali, karatasi za kliniki zikiwa zimechomekwa ndani. Karibu kila kitu kimo. Afya haimo.

Si kwamba hatuifikirii. Tunaifikiria sana usiku wa tarehe 31 Desemba: mwaka huu nitapunguza pombe, mwaka huu nitapima, mwaka huu nitajitunza. Lakini ada ina tarehe na ina kiasi, nayo afya ina nia tu. Na nia isiyo na tarehe wala fedha, kwa kadiri nilivyoona katika kazi hii, haifiki Kwaresima.

Nichukue ugonjwa mmoja tu, yaani shinikizo la damu, ambalo wengi wetu tunaliita presha. Mwezi wa Januari tunaletewa watu waliopooza upande mmoja, mdomo umekwenda pembeni, maneno hayatoki. Tukiwauliza jamaa zao, majibu ni yale yale. Alisafiri kwenda nyumbani kwa Noeli, vidonge vikabaki mjini. Au viliisha, akasema atachukua vingine ada ikishalipwa. Au alijisikia mzima kabisa, akaamua kuuanza mwaka bila dawa.

Hilo la tatu ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu ni uamuzi uliofanywa kwa moyo safi. Mtu anataka kuanza upya. Anahesabu dawa kuwa sehemu ya mwaka wa zamani, kama deni ambalo angependa kuliacha nyuma. Basi yafaa tuelewane. Presha kwa kawaida haiumi. Moyo unasukuma damu kwa nguvu kupita kiasi, na nguvu hiyo huchakaza mishipa kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, katika ubongo, figo, macho na moyo wenyewe, na mwenye mwili hana habari. Wapo wanaosikia kichwa kuuma au kizunguzungu, lakini wengi hawasikii chochote mpaka siku mshipa unapoziba au kupasuka kichwani. Hicho ndicho kiharusi. Kwa hiyo mgonjwa wa presha hawezi kujipima kwa kujisikia. Na ikiwa kipimo chako mwezi wa Novemba kilikuwa kizuri, yaelekea ni vidonge vilivyokifanya kizuri. Ukiviacha, presha kwa kawaida hurudi katika siku au wiki chache. Yupo mtu ambaye daktari anaweza kumpunguzia dawa, kwa mfano aliyepunguza uzito na chumvi kweli kweli, lakini hilo hufanyika kwa vipimo, siyo kwa kalenda.

Wengine huambiwa katika mikesha kwamba mwenye imani aache dawa zake. Nasema kwa heshima yote kwamba sala na dawa si maadui. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinazungumza juu ya tabibu, dawa na sala kwa pamoja, na wala hakituambii tuchague moja.

Sasa tuje kwenye fedha, maana najua Januari ilivyo. Sitamlaumu mzazi anayesimama kati ya sare ya mtoto na vidonge. Ninachopinga ni kwamba uchaguzi huo hufanyika kimya kimya, na mara nyingi anayekatiwa kwanza ni mama, tena hujikatia mwenyewe bila kumwambia mtu. Anakunywa leo, kesho anaruka, ili paketi ya mwezi mmoja ifike miezi miwili. Mume hajui. Watoto hawajui. Wanakuja kujua wodini. Ndiyo maana napendekeza vidonge viandikwe katika lile daftari, tena juu ya mabati. Uliza bei ya mwezi mmoja pamoja na nauli, zidisha kwa 12, na kila mtu nyumbani aione hesabu hiyo. Kiharusi kimoja hugharimu zaidi, na mtu wa kumgeuza mgonjwa kitandani ataacha shamba au ataacha shule. Bei ikiwashinda, mwambieni muuguzi waziwazi. Mara nyingi kuna kidonge cha aina nyingine kinachofanya kazi ile ile kwa bei ndogo, lakini hatuwezi kukibadili kama hatujaambiwa.

Na kwa kuwa nimewasema wagonjwa, niseme na upande wetu pia. Mahali pengine mgonjwa aliyetulia hupewa vidonge vya wiki mbili tu, halafu tunashangaa kwa nini harudi, naye anakaa mbali na nauli ni ya kukopa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema kwamba mgonjwa ambaye presha yake imedhibitiwa anaweza kuonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa maoni yangu, penye dawa za kutosha, mgonjwa wa namna hiyo apewe za miezi mitatu. Ombeni. Hakuna utovu wa adabu katika kuomba.

Kwa wale ambao hawajapata kupima: ukiwa na miaka 40 au zaidi, au kama mzazi wako alikuwa na presha au alipata kiharusi, pima mwezi huu. Kaa umetulia dakika tano kwanza. Kipimo kikiwa 140/90 au zaidi, na kikirudiwa siku nyingine kikawa hivyo hivyo, ndipo tunaposema ni ugonjwa. Akina baba, kipimo hiki hakichomi sindano. Sioni sababu ya kusubiri mpaka mletwe mmebebwa.

Upo pia mpango mmoja wa nyumbani usio na gharama. Mtu mzima anatakiwa kula chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Nani anapima mboga kwa gramu? Hakuna. Basi pimeni paketi. Nyumba ya watu wazima watano, paketi ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20, na kwa kweli ingefaa iende zaidi, kwani chumvi nyingine imo katika mkate, samaki wa kukaushwa kwa chumvi na viungo vya paketi. Andika tarehe ya kufungua juu ya paketi yenyewe. Baada ya miezi miwili mtaona mnakoelekea, na hamtahitaji kugombana na mpishi.

Mambo mengine ya mwaka yaandikwe katika kalenda ya ukutani, ile tunayoangalia sikukuu. Chanjo ya surua ya mtoto ni miezi 9 na tena miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa. Mama mjamzito aanze kliniki kabla ya wiki 12. Binti wa miaka 9 hadi 14 aulizwe kama amepata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Mama mwenyewe naye apimwe ugonjwa huo.

Msiandike mambo kumi. Mtu anayeapa siku moja kuacha pombe, sukari, chumvi na kuanza kukimbia alfajiri, huwa simwoni tena. Chagueni moja au mawili, na kila moja lipewe mtu wa kukumbusha. Kwa vidonge, mjukuu wa darasa la tatu hufaa kuliko watu wazima wote, kwani hasahau na haoni haya kuuliza.

Na wewe uliyekwisha kuacha dawa tangu Noeli, usimeze dozi mbili ili kufidia. Rudi kliniki wiki hii, bila kungoja tarehe ya kadi. Njoo na vidonge vilivyobaki, hata kama ni vitano, tuvihesabu pamoja.