Mbaazi, Jua na Skrini ya Ukumbini

Mwezi uliopita nilialikwa kutoa mada mbele ya watumishi wa umma. Nilipounganisha kompyuta mpakato yangu, inayotumia Linux, na skrini kubwa ya ukumbi, picha ilitokea imevutika na herufi zimefifia. Skrini ile ina uwezo wa pikseli 1920 kwa 1080. Kompyuta ilikuwa ikitoa 1024 kwa 768 tu. Kabla sijainama kutazama waya, ofisa mmoja alikwishatoa hukumu: "Dokta, hayo ndiyo matatizo ya vitu vya bure." Ukumbi ukacheka.

Naikataa hukumu hiyo. Kila skrini ya kisasa hubeba maelezo mafupi yaitwayo EDID, ambayo huyapeleka kwenye kompyuta kupitia waya ili kujitambulisha. Waya ukiwa mbovu, au adapta ikiwa hafifu, maelezo hayafiki, na Linux huchagua kipimo cha tahadhari. Mbaazi akikosa maua husingizia jua.

Tiba yake si siri. Kwanza badilisha waya au adapta. Isiposaidia, na ikiwa unatumia Xorg, fungua terminali uandike `xrandr`: utaona jina la tundu lililounganishwa na vipimo vinavyotambuliwa. Andika `cvt 1920 1080` upate mstari wa vipimo. Usajili mstari huo kwa `xrandr --newmode`, uupe tundu lako kwa `--addmode`, kisha uuwashe kwa `--output` na `--mode`. Ukizima kompyuta mpangilio hupotea, hivyo amri hizo ziwekwe katika faili linaloendeshwa kila unapoingia. Wanaotumia Wayland watafute njia nyingine, kwani huko `xrandr` haina mamlaka hayo.

Nilifanya hivyo mbele yao, na herufi zikasomeka. Hakuna aliyeuliza nimefanyaje. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko.

Sisi walimu tunahusika. Tumewafundisha vijana kitufe cha kubofya katika programu ya kampuni fulani, tukaita hiyo elimu ya kompyuta. Kitufe kikikosekana, elimu imekwisha, na suluhisho linabaki kununua kingine.

Nitaambiwa kwamba karani hana muda wa kuandika amri. Kweli, wala hapaswi. Fundi mmoja wa ofisi akiziandika mara moja, faili lake litawahudumia wote. Nakiri pia kwamba Linux ina kero zake, hasa pale watengenezaji wa vifaa wanapoficha maelezo ya bidhaa zao. Lakini mfumo ulio wazi humruhusu fundi wetu kuchungua kosa lilipo. Uliofungwa humwachia kusubiri.

Wakuu wa idara, kabla ya kutia saini leseni nyingine, muulizeni fundi wenu kama amewahi kufungua terminali. Akijibu hapana, fedha hiyo ianze na mafunzo yake.