Anayepimwa Kwanza Siye Aliyeleta

Hapa Dzaleka mara nyingi mama ndiye anayejua kwanza kama ana VVU, kwa kuwa akiwa mjamzito anapimwa kliniki. Akimwambia mumewe, jibu ni: "Wewe ndiwe umeuleta." Basi ananyamaza, anaficha vidonge ndani ya unga, na siku mume akishinda nyumbani hamezi.

Na wewe baba unayesema "mke wangu hana, basi na mimi sina", damu yake haijibu kwa niaba yako. Mmoja anaweza kuwa na virusi, mwenzake asiwe navyo.

Wengine hukimbia macho ya majirani wakafuata dawa Lilongwe, zaidi ya kilomita 40. Nauli ikikosekana, dozi inakatika. Siwalaumu hao. Namlaumu anayekaa njiani kuangalia nani ameingia chumba gani.

Tangu 2011 sera ya Malawi ni kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha yote. Anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Baba, safari hii mkifuatana kliniki, usibaki nje chini ya mti. Ingia, mpimwe siku moja, msikie majibu pamoja.