Kijana wa Rouen na Mashine yake

Mashine za kuhesabu nazo zina babu zao. Leo tumtazame mmoja.

Étienne Pascal aliwekwa kusimamia kodi mjini Rouen, Ufaransa. Hesabu zilimlemea mno, maana fedha za siku zile zilikuwa na matata: livre moja ni sol 20, na sol moja ni denier 12. Mwanawe Blaise, aliyezaliwa mwaka 1623, alimhurumia baba yake. Mwaka 1642 akaanza kuunda mashine ya magurudumu: moja likitimiza mzunguko, lasukuma jirani yake hatua moja. Kumbe, ile taabu ya kupeleka moja mbele, ambayo wanafunzi wetu waijua sana, ilichukuliwa na chuma!

Lakini fundi wa saa mmoja akaiiga kwa kusikia habari zake tu. Mashine yake ilipendeza kwa nje. Ndani haikufaa kitu. Blaise alikata tamaa, akawafukuza mafundi wake wote. Ndipo Séguier, waziri mkuu wa sheria, alipomsihi aendelee. Akaunda mifano kama 50, na mwaka 1649 mfalme akampa hati ya kukataza waigaji. Wanunuzi walikuwa wachache, kwani bei ilikuwa kubwa. Chache zilizosalia zatunzwa Paris na kwingineko.